Magunia ya Nazi kwa Mama wa Kinango

Tumbo langu lina sifa kuliko mimi mwenyewe. Hapa Msambweni nikipita sokoni, watu hawaniulizi habari za watoto wala za shamba. Wananiuliza, "Tumbo halijambo?" halafu wanacheka kabla sijajibu. Nami hucheka. Kosa ni langu, maana kisa cha tumbo nimekisimulia mwenyewe harusini, kwa kinyozi, hata matangani kwa watu ambao hawakuomba kuchekeshwa.

Kisa ni hiki. Nilikuwa askari, tukapelekwa Somalia. Asubuhi moja zamu yangu ilikuwa kusindikiza gari la kwenda kuchota maji. Tumbo likanikamata, nikalala chini nimejikunja, na mwenzangu tuliyekuwa tukilala naye hema moja, kijana wa Kinango, akachukua nafasi yangu. Gari likakanyaga kitu kilichofukiwa njiani. Yeye hakurudi. Hapo sikawii. Narudi haraka kwenye tumbo: jinsi lilivyonguruma, jinsi nilivyokimbia bunduki mkono huu na karatasi mkono huu, jinsi koplo alivyonifukuza akidhani natoroka. Watu hushika mbavu. Koplo huyo nilimtunga, hakunifukuza mtu.

Na tumbo nalo nililitunga. Niliseme hapa mwanzo ili nisikuzungushe kama nilivyowazungusha wengine miaka tisa. Tumbo halikuuma hata chembe. Asubuhi ile nilikula wali na maharagwe sahani nzima, na mwenzangu aliposukuma yake kando nikamsaidia kuimaliza. Nilikuwa naogopa, basi. Niliiona ile njia akilini na miguu ikakataa. Nikatafuta ugonjwa usiopimika, nikapata tumbo. Yeye hakuuliza sana, kwa sababu juzi yake aliumwa jino, mimi nikamshikia zamu na nikampa karafuu nilizofungiwa na mke wangu azitafune. Alinitazama nilivyojikunja, akavaa kofia yake ya chuma, akasema, "Ulinishikia ya jino, nami nikushikie ya tumbo." Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Jino lake lilikuwa la kweli na tumbo langu la uongo, na hilo ndilo lililokuwa likinila.

Nilipoacha kazi nikarudi nyumbani, mke wangu, ambaye aliamini kila neno langu, aliamua tumbo hili ni la kutibiwa. Kila Ijumaa asubuhi alinichemshia mwarobaini, kikombe kizima, bila asali, bila chochote. Alisimama mlangoni mikono kiunoni mpaka nimalize. Mtu ambaye hajanywa mwarobaini uliochemka kwa nusu saa asiniambie habari za uchungu. Ningeweza kumwambia ukweli na uchungu ukaisha siku ile ile. Nikanywa. Niliona ndiyo hukumu yangu, na wallahi niliiona nyepesi.

Sitaki kujifanya kwamba nilirudi mzima sehemu nyingine zote. Kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, mguu wa kiti cha plastiki ulivunjika nyuma yangu. Mlio mdogo tu. Nilimkamata mtu aliyekuwa karibu nikamlaza chini, na mtu huyo alikuwa bibi yake bwana harusi, na chini hapo ndipo sinia la biriani lilipokuwa limewekwa muda huo huo. Bibi alikaa katikati ya sinia akanitazama kwa utulivu wa ajabu. "Mjukuu wangu," akasema, "umeniua au umeniokoa?" Nikamwambia, "Sijui, bibi, bado naangalia." Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikashika mpapai, naona aibu hata ya kurudi kuchukua viatu.

Kazi ya ulinzi nilipata katika hoteli moja Diani. Nilidumu siku nne. Siku ya nne nilimlaza mgeni mmoja mzee kifudifudi kwenye nyasi kwa sababu sanduku lake lilikuwa likinguruma peke yake. Ulikuwa mswaki wake wa umeme. Meneja alinishukuru kwa umakini wangu akanipa nauli.

Lakini adui mkubwa alikuwa nazi. Nyumba yangu imezungukwa na minazi, ndiyo urithi wa baba. Nazi kavu ikiangukia bati, mtu wa kawaida hugeuka upande wa pili akalala. Mimi mara ya kwanza nilijikuta uvunguni, na mke wangu nimemvuta pamoja nami. Aliniuliza kwa adabu kama tunaweza kurudi kitandani. Mara ya tatu hakuuliza, alishuka na mto wake.

Basi nikaweka mkwezi. Kila baada ya wiki tatu alipanda minazi yote iliyo karibu na nyumba, aangue kila kilichoonyesha nia ya kuanguka. Tuligombana kila mara. Yeye juu amekumbatia mnazi, mimi chini nimefura.

"Hizi bado koroma," ananiambia. "Zimepita udafu, lakini hazijawa nazi. Hazina tui la maana. Ngoja zikomae."

"Angusha."

"Utapata hasara, mzee."

"Mimi sitaki tui. Nataka kulala."

Halafu nikiona kweli anakaribia kuangusha, naondoka mbio kwenda kukaa barabara kuu mpaka amalize. Alidhani mimi ni mwendawazimu mwenye shamba zuri, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Nyumba ikajaa nazi. Majirani walichukua wakachoka. Ndipo nikamkumbuka mama yake mwenzangu. Kule hemani alikuwa akinisimulia kwamba kwao ni kukavu, na mama yake akipata nazi moja huigawa kwa mapishi matatu. Aliniambia jina la mama na duka linaloshushiwa mizigo yake. Mwenzangu alizikwa mimi nikiwa bado kule, na niliporudi kila mwezi nilisema nitakwenda mwezi ujao. Ningekwenda nikasema nini? Nikamtafuta kondakta wa basi la Kinango, nikampa gunia na jina la mama.

"Nimwambie limetoka kwa nani?" akaniuliza.

"Mwambie mtu wa Msambweni."

"Mtu gani?"

"Wewe beba gunia."

Miaka mitatu mambo yakaenda hivyo. Gunia linakwenda, mimi napata wiki moja ya kujiona si mtu mbaya sana, halafu wiki mbili za kawaida. Mwaka jana nikaongeza leso ya kujifunga. Nilinunua Ukunda, nyekundu, maua makubwa, kitambaa kizito. Maandishi sikuyasoma. Mwanamume gani husimama dukani asome leso?

Wiki mbili baada ya leso, kondakta alikuja mpaka kwangu, ana jogoo kwapani. Nilidhani anauza.

"Huyu ametoka kwa yule mama," akasema. "Jogoo huyu ni majibu ya leso. Anasema miaka mitatu inatosha. Kama una nia naye, uje ujulikane kwa watu. Kama huna, uache, maana majirani wamezidi kumuuliza."

"Nia gani?"

"Mimi nitajuaje? Kule wanakuita Bwana Nazi."

Mke wangu alikuwa nyuma yangu anachambua mchele. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Una mwanamke Kinango," akasema.

"Ni mama yake marehemu. Yule wa tumbo."

"Ana umri gani?"

"Labda sabini."

"Na hiyo leso iliandikwa nini?"

"Sijui."

"Hujui." Akachambua mchele kidogo, akatoa jiwe moja akalitupa mbali kuliko lilivyostahili. "Sawa. Tutakwenda wote."

Tulikwenda Jumamosi. Nilivaa shati jeupe, tukabeba mchele na sukari. Njia nzima nilikuwa nikikinyoosha kisa kichwani, maana sasa ningekisimulia kwa mtu mmoja asiyefaa kuchekeshwa. Nikamtoa koplo. Nikatoa mngurumo, nikatoa karatasi. Kilichobaki kilikuwa sentensi tatu: tumbo liliniuma, akachukua zamu yangu, samahani, mama. Nikajiambia hivyo vinatosha. Nilikuwa nakwenda kumdanganya mama wa mtu kwa heshima zote, huku mke wangu akinishikilia mfuko wa sukari.

Nyumbani kwake tulikuta wanawake watano wanapukuchua mahindi, na nilijua papo hapo hawakuja kwa ajili ya mahindi. Mmoja alinitazama toka viatuni mpaka kichwani. "Ndiye huyu?" akamwuliza mwenzake. "Mbona mdogo?"

Mama akatoka ndani. Mrefu, mkavu, mwendo wa mtu aliyebeba maji maisha yake yote. Alikuwa amejifunga ile leso nyekundu, na alipogeuka kufunga mlango mke wangu akaisoma kwa sauti, polepole, kila neno: "Moyo wangu uko kwako, nifungulie mlango." Kisha akanigeukia. "Ulichagua mwenyewe?"

"Shikamoo, mama," nikasema haraka.

"Marahaba, mwanangu."

Aliposema mwanangu, wale wanawake wakavunjika moyo waziwazi. Mmoja aliacha kabisa kupukuchua.

Tukapewa viti. Mama alimsalimia mke wangu vizuri, akamshika mikono miwili, akaniuliza huyu ni nani. Nikasema mke wangu. "Basi mimi nimeishi miaka mingi," akasema, "lakini mchumba anayekuja na mkewe kuposa sijamwona." Mke wangu alicheka, na mimi nikapumua, kwa sababu kwa siku tatu hakuwa amecheka. Mama akaendelea, hakuwa amemaliza nami. "Tena nina neno na wewe. Nazi zako. Miaka mitatu nakuna, nusu yake koroma. Nakamua, yanatoka maji meupe. Nikajisemea, mwanamume huyu ana haraka ya nini? Hawezi kungoja hata nazi ikakomaa?"

Wanawake wakacheka mpaka mahindi yakamwagika. Nami, kwa kuona aibu ya koroma kuliko aibu zote nilizokuja nazo, nikajitetea. Nikaeleza habari ya bati. Nikaeleza ya uvunguni, na mke wangu na mto wake. Niliieleza kwa mzaha kama nilivyozoea, na wao wakacheka mwanzoni, halafu kicheko kikapungua. Mama alikuwa ameacha kucheka zamani.

"Ulikuwa askari," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa na mwanangu."

"Ndiyo."

Akawageukia majirani. "Haya, mahindi yamekwisha." Yalikuwa yamebaki nusu gunia. Walielewa, wakaondoka.

Tukabaki watatu. Kuku alikuja kuokota punje karibu na mguu wangu. Nilikuwa nazitafuta zile sentensi tatu, na mama akanitangulia.

"Wewe ndiye wa tumbo," akasema.

Sikuwa nimefikiria kwamba anajua. Nikaitikia kwa kichwa.

"Lilipona?"

Miaka tisa nimeulizwa swali hilo sokoni, msikitini, barabarani, na kila aliyeuliza alikuwa na kicheko tayari mdomoni. Yeye hakuwa nacho. Aliuliza jinsi unavyomwuliza mgonjwa. Jibu lilikuwa jepesi, neno moja tu, lilipona, na baada ya hapo tungekula tukaagana, na mimi ningeendelea kuleta nazi na kunywa mwarobaini mpaka nife. Mdomo nilikwisha kuufungua.

"Halikuwa linauma, mama," nikasema.

Nikaendelea kwa kumwambia yule kuku, maana yeye mama sikuweza kumtazama. Nikasema niliogopa. Nikasema zamu ilikuwa yangu, gari lilikuwa langu, nilimdanganya akaenda. Nikasema jino lake lilikuwa la kweli, nami nilimlipa uongo. Halafu nikalia. Sikulia kwa heshima. Nililia na kamasi, mbele ya mke wangu, na shati jeupe likaharibika.

Wa kwanza kusema alikuwa mke wangu. "Miaka tisa nakuchemshia mwarobaini," akasema kwa sauti ndogo. Nilimjua, alikuwa hajaamua kama anipige au anishike mkono. Akanishika mkono, lakini kwa nguvu ya kuniumiza.

Mama aliinuka akaingia ndani. Tulisikia vyombo. Nilifikiri ndiyo tumefukuzwa, nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho, kisha nikaona nimevivaa. Alipotoka alikuwa na kigoda. Akakiweka karibu yangu sana, akakaa, magoti yetu karibu yanagusana.

"Alinipigia simu asubuhi ile," akasema. "Wakati anavaa viatu. Alikuwa anacheka. Nikamwuliza unacheka nini, akasema, mama, huyu mwenzangu wa hemani anasema tumbo linamuuma, na sahani yangu ameimaliza yeye."

Sikuelewa kwanza. Nilikuwa nikimsikia bila kuelewa.

"Nikamwambia huyo ni mwongo, mwache aende mwenyewe. Akasema, mwache, mama. Leo ameogopa yeye. Juzi niliogopa mimi, akanishikia."

"Juzi ilikuwa jino," nikasema.

"Jino gani?"

"Aliumwa jino. Nilimpa karafuu."

Pembe moja ya mdomo wa mama ikapanda. "Mwanangu alikuwa akifungua soda kwa meno," akasema. "Tangu azaliwe hajaumwa jino hata siku moja."

Nikazikumbuka zile karafuu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono shavuni, anazitafuna moja moja huku akinitazama kwa macho ya huzuni, na mimi namwambia tafuna upande ule, tafuna upande ule. Alizimaliza zote. Karafuu zinavyowasha zile. Nikajikuta nacheka na kulia kwa wakati mmoja, na mama naye anacheka, na mke wangu anatutazama sisi wawili kama anayetafuta mtu wa kumwita.

Kisha mama akaacha. Aliacha ghafla, na sura yake ikawa ngumu. "Lakini nina hasira na wewe," akasema. "Si ya tumbo. Tumbo nililijua tangu siku ile. Nina hasira ya miaka tisa. Mtu wa mwisho aliyemchekesha mwanangu yuko Msambweni, mzima, na ananitumia koroma. Mimi nilikuwa nataka kusikia alikuwa akila nini. Alikuwa akilala vipi. Wewe unaniletea gunia."

Nikasema, "Nisamehe, mama." Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Akasema, "Nazi ziache zikomae," akaingia ndani tena, na safari hii mke wangu akamfuata.

Wakatoka na chakula. Sima, na mboga ya mnavu iliyopikwa kwa tui jepesi. "Ni za kwako," mama akasema, na hakuhitaji kueleza. Akanipakulia mimi wa kwanza, akalundika, akanisogezea. Nilikitazama chakula, nikaanza kusema kwamba mama, niwie radhi, sijisikii vizuri.

Akachukua sahani yake mwenyewe akaiweka kando ya yangu.

"Kula zote mbili," akasema. "Na leo nisisikie habari za tumbo."